Nguchiro Aliyemzika Chui

Hapo zamani, zamani ile ambayo wanyama walitandika mikeka, wakapika, wakaombana chumvi na kusengenyana kama sisi, palikuwa na kijiji kinachoitwa Mtamani. Sogeeni karibu, wanangu, maana mambo yaliyotokea huko hayasimuliwi kwa kupayuka.

Watu wa Mtamani walilima mtama na uwele. Mwaka mmoja njaa iliwaingilia. Wakala akiba, wakala makapi, mwisho wakala na mbegu. Mvua ilipokuja, ilinyesha kwenye mashamba matupu. Udongo ulilainika vizuri kabisa, majembe yakawa tayari, lakini hakuna aliyekuwa na hata punje moja ya kufukia. Walizikwa wengi mwaka ule wa mvua kuliko mwaka wa ukame wenyewe.

Waliobaki walikaa kitako wakatunga sheria. Kila baada ya mavuno, kila nyumba italeta kibuyu kimoja cha mbegu. Vibuyu vyote vitawekwa kwenye ghala moja. Na yeyote, awe na njaa ya namna gani, asile mbegu mpaka mvua ianze. Hata iliyo yake mwenyewe. Waliinua miguu kukubali, mmoja baada ya mwingine. Kisha wakajenga ua wa miti kuzunguka ghala, wakamweka Chui ndani yake awe mlinzi. Atakayegusa komeo, wakasema, atakutana na makucha, na akipona atafukuzwa kijijini.

Nguchiro hakuwa na shamba kubwa wala nguvu ya kulima. Kazi aliyopewa ilikuwa kufukuza panya chini ya sakafu ya ghala na kumpelekea Chui uji kila asubuhi. Alikuwa mdogo, mwepesi wa miguu, na mwepesi zaidi wa maneno. Ukimuuliza alikokuwa jana, alikuwa na majibu matatu, yote mazuri.

Lakini jambo moja aliliamini bila utani: watu wa Mtamani hawaibi kwa sababu ya makucha kumi na manane ya Chui. Aliijua idadi yake kwa kuwa aliwahi kuyahesabu, siku moja Chui akiwa amelala.

Basi ukaja ukame mwingine. Mwaka wa kwanza walivumilia. Mwaka wa pili uji ukawa mwepesi, ukiinamia bakuli unaona uso wako. Watoto wa Mama Swala waliacha kucheza, wakawa wanakaa tu kivulini. Bwana Nyati, seremala wa kijiji, mbavu zake zilionekana kama boriti za nyumba isiyoezekwa. Na katikati ya kijiji lilisimama ghala, vibuyu vimejaa hadi shingoni.

Asubuhi moja Nguchiro alisukuma mlango wa ua, bakuli la uji mikononi. Chui alikuwa amejilaza mlangoni pa ghala kama kawaida yake, kichwa kwenye kizingiti.

“Shikamoo, Mzee,” Nguchiro alisema.

Hakujibiwa. Akasalimia tena. Nzi alikuwa anatembea juu ya jicho la Chui, polepole, na jicho halikufumba.

Nguchiro aliliweka bakuli chini ili lisimwagike, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Alimzunguka Chui. Aliona mifupa ya nyonga iliyochomoza chini ya ngozi. Aliona komeo la ghala limejaa vumbi la miezi, halina alama ya kucha wala ya kidole. Mzee wa watu alikuwa amekufa kwa njaa, mgongo wake umeegemea mlango wa chakula. Swali likampitia Nguchiro: huyu naye alikuwa analindwa na nani? Lakini halikukaa, maana hofu ilikuwa imeshapiga hodi na kuingia.

Alijionea jinsi siku ile itakavyokwenda. Habari ikitoka asubuhi, adhuhuri komeo litakuwa limevunjika. Nyati angelivunja kwa pembe moja. Nani angewalaumu? Mama Swala angejaza nguo yake mtama awakimbilie wanawe. Jioni vibuyu vingekuwa vimelala chini vitupu, na mvua ikija ingewakuta kama ile ya kwanza. Nguchiro alijiuliza yeye mwenyewe angefanya nini katika vurugu ile, na hakulipenda jibu.

Akaamua Chui asife.

Kumbeba hakuweza; mguu mmoja tu wa Chui ulimzidi uzito. Kwa hiyo alichimba chini yake. Alianzia tumboni, akatoa udongo kwa makucha, akausukuma kando, akarudi kuchimba. Kho, kho, kho. Chui akawa anashuka shubiri baada ya shubiri, kama anayezama kwenye maji mazito. Jua lilipofika utosini, Bibi Kobe, mpishi wa uji, alifika nje ya ua akaulizia bakuli lake. Nguchiro alijibu akiwa ndani ya shimo kwamba Mzee bado anakunywa, leo amechelewa kuamka. Bibi Kobe akaguna, akaondoka.

Alasiri udongo ulifunika madoa ya mwisho. Nguchiro alisema peke yake maneno ya kumwombea marehemu, kwa kunong'ona. Hapakuwa na wa kuitikia. Hapakuwa na mkeka wa msiba wala mtu wa kumpa pole. Alitandaza majani makavu juu ya kaburi, akakaa juu yake akahema. Njaa ikambana, na uji ulikuwa pale pale. Aliunywa wote akilia. Kisha akaona alama ya ulimi wake mdogo kwenye bakuli, akaogopa, akaliosha vizuri kabla ya kulirudisha.

Kitu kimoja alikuwa amekisahau. Kila siku jua linapozama na linapochomoza, Chui alikuwa akinguruma. Ninyi mnajua ngurumo ya simba. Ya chui si hivyo. Chui hukata sauti mbele na nyuma, kama msumeno kwenye gogo. Jioni ile kijiji kilingoja sauti hiyo, lakini haikuja. Nguchiro alichungulia kwenye upenyo wa ua akaona vichwa vimeinuka, kimoja baada ya kingine, vikageukia ghalani. Manyoya ya mgongo wake yalisimama, hayakulala tena mpaka asubuhi.

Kulipokucha alikwenda kwa Nyati. Alimwamkia, akaeleza kwamba nguzo moja ya ua imeoza, Mzee ameagiza ikatwe, kwa hiyo anaomba msumeno kwa siku chache.

Nyati aliuliza Mzee anaendeleaje.

“Anakohoa, mjomba. Hataki kuonana na mtu.”

Nyati alimtazama kwa muda mrefu kuliko Nguchiro alivyopenda. Kisha akautoa msumeno ukutani, akamwonya kwamba umeng'oka jino moja, ukifika pale unaruka, asije akajikata.

Jioni hiyo Nguchiro aliburuta gogo nyuma ya ghala, akalikalia, akaanza. Krrau, krrau, ta! Krrau, krrau, ta! Alikata mpaka mabega yakawaka moto. Alipochungulia nje aliona majirani wanaendelea na shughuli zao, mmoja anafagia, mwingine anapuliza moto. Akashusha pumzi. Wakubwa wote wale, wenye pembe na kwato na magamba, amewadanganya kwa kipande cha chuma. Siku nyingine angecheka.

Lakini uongo ni kama mtoto mchanga, wanangu. Ukishauzaa, hulali.

Tatizo la kwanza lilikuwa uji. Kila asubuhi Bibi Kobe aliteka upawa mmoja kutoka chungu cha kijiji kwa ajili ya mlinzi. Nguchiro akiukataa, watauliza kwa nini. Akiunywa, anakunywa haki ya marehemu wakati watoto wa Swala wanalala na maji. Kuumwaga ilikuwa dhambi isiyosemeka. Siku ya tatu alipata akili. Aliupeleka kwa Mama Swala, akasema Mzee hana hamu ya kula, ameagiza upewe watoto. Mama Swala alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akamkazia macho, akasema amfikishie Mzee shukrani zake. Nguchiro alikuwa ameshageuka kuondoka alipong'amua kosa lake. Chui mwenye huruma haogopwi na mtu. Jioni hiyo alikata gogo kwa hasira mara mbili, ili kuweka mambo sawa.

Tatizo la pili lilikuwa Fisi. Huyu Bwana Fisi aliishi nyumba ya mwisho, meno yake yalivunja mfupa wa paja kama ninyi mnavyovunja muwa, na pua yake haikuwa ya kuchezea. Siku ya tano alikuja na kusimama nje ya ua mchana kweupe, akivuta hewa. Fuu, fuu, fuu. Akasema kwa sauti tamu kwamba anasikia harufu ya ajabu, hivyo amekuja kumjulia Mzee hali.

Nguchiro hakungoja asikie zaidi. Alirukia gogo. Krrau, krrau! Akagonga ubao wa ghala kwa mkia, pu! Akapiga kelele, “Mzee, tafadhali, usitoke, huyu ni jirani tu, hajagusa chochote!” Akaegemeza uzito wake wote mlangoni ili mlango utikisike, kama vile anamzuia mtu mkubwa anayetaka kutoka.

Fisi, na meno yake yote, alikunja mkia akatimua mbio. Nguchiro alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya kaburi. Kicheko kikageuka kilio katikati, asijue kwa nini.

Tangu hapo hakuwa na raha. Kila aliyepita nje ya ua alikuwa mwizi machoni pake. Bwana Nyati alianza kuja kila siku jua likiwa kali, akasimama mlangoni pa ua amegeuza mgongo, kimya, kisha akaondoka. Nguchiro alijua anapima nguvu ya ule mlango. Bibi Kobe akaanza maswali yasiyo na kichwa wala miguu: je, Mzee anapenda uji wa chumvi siku hizi? Je, bakuli linamtosha? Nguchiro alijibu hovyo, kisha akakaa akiyarudia majibu yake kutafuta mahali alipojikwaa. Asubuhi nyingine, akiwa amelala kifudifudi karibu na mlango, aliona ncha ya ukwato wa Mama Swala ikipenya chini ya ua, ikisukuma-sukuma kitu. Aliuuma mkono wake asipige ukelele. Sasa anachimba, akawaza. Hata Swala. Ukwato ulipoondoka, pale chini palikuwa na punje moja ya mtama. Hakujua maana yake. Aliiokota, akairudisha ghalani, akaenda kuegemeza jiwe kwenye ule upenyo.

Alitazama mbinguni kila saa. Mawingu yalikuja kutoka mashariki, yakajikusanya, yakapita. Alikonda. Usingizi ulimjia vipande vipande. Kilichomuuma kuliko yote ni kwamba alikaa, akala na akasema uongo juu ya kaburi la mzee ambaye hakuliliwa na mtu.

Siku ya kumi na tatu, alfajiri, gogo liliisha. Lilikatika vipande viwili, pu! Nguchiro akaanguka chali, msumeno tumboni. Alipofumbua macho alimwona Fisi juu yake. Alikuwa ameruka ua kwa nyuma, kimya kimya, na alikuwa anatabasamu.

“Kumbe Chui wetu ni wa mti,” alisema Fisi.

Hakumgusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye majani makavu, akayapekua kwa pua, akacheka kile kicheko chake mnachokijua. Kisha akafungua mlango wa ua akatoka akazunguka kijiji kizima, nyumba hadi nyumba, akitangaza. Chui amekufa. Amekufa siku nyingi. Ghala halina mwenyewe. Njooni na vikapu.

Nguchiro angeweza kukimbia. Tundu la kutorokea lilikuwepo, na miguu yake ndiyo iliyomlisha maisha yake yote. Alilitazama tundu. Kisha alikwenda akakaa kwenye kizingiti cha ghala, mahali pa Chui, msumeno magotini. Kizingiti kilikuwa kipana, yeye alikifunika kidogo tu. Alijua msumeno ule haungemkata hata ngozi mtu kama Nyati. Hata hivyo hakuondoka.

Wakaja. Alisikia kwanza kwato za Nyati, kisha miguu midogo ya Swala na wanawe, halafu Bibi Kobe ambaye huchelewa siku zote, na nyuma yao kijiji kizima. Fisi alikuwa mbele, kikapu begani. Waliingia uani wakasimama. Walitazama majani yaliyopekuliwa, wakatazama gogo, wakamtazama Nguchiro.

“Ni kweli,” Nguchiro alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. “Amekufa. Nimemzika mimi. Nimewadanganya siku kumi na tatu. Nipigeni, nifukuzeni, lakini nawaomba mbegu msizile.”

Nyati alijikohoza. Alikuwa ameinamisha kichwa, na Nguchiro akajiandaa kwa pembe. Lakini Nyati alikuwa anaona aibu.

“Mimi nilijua tangu ile jioni ya kwanza ya msumeno,” Nyati alisema. “Ni msumeno wangu, mwanangu. Chui gani anayenguruma na jino limeng'oka?”

Nguchiro aliinua macho. Nyati akaeleza, kwa shida, kwamba kweli alikuja siku moja akiwa peke yake. Alifika mpaka mlangoni. Alijua Chui hayupo na mlango ungefunguka kwa bega tu. Akakumbuka mkutano ule, jinsi alivyoinua mguu mbele ya wenzake bila kulazimishwa na mtu, na jinsi Mama Swala alivyoleta kibuyu chake kimejaa wakati nyumbani kwake kulikuwa na nusu pishi tu. Miguu ikakataa. Tangu hapo alikuwa akija kila siku kusimama pale, kwa kuwa aliamini yeye peke yake ndiye anayejua, na aliogopa wengine wakijua wataingia.

Mama Swala alimgeukia. Akauliza polepole, je, mjomba alikuwa analilinda ghala dhidi yake yeye? Kwa sababu yeye naye alijua. Alijua tangu siku ya uji. Tangu dunia iumbwe hakuna chui aliyemtumia swala chakula. Aliunyamazia ukweli kwa sababu aliwaogopa wenye nguvu, akina Nyati. Alisema wao wakipata habari hawatamwachia hata kapi. Siku moja aliokota punje njiani, ya mwaka jana, iliyodondoka kwenye kibuyu cha mtu. Mwanawe mdogo alikuwa amemshika nguo, anamtazama.

“Nilikuwa naipeleka mdomoni,” Mama Swala alisema. “Nikaona mtoto ananitazama. Nikajiuliza, leo namfundisha nini huyu? Nikaisukuma ndani chini ya ua.”

Nguchiro aligeuka akalitazama lile jiwe aliloliegemeza chini ya ua.

Bibi Kobe ndiye aliyefika mbele mwisho, na alikuwa amekasirika. Alisema masikio yake ni mazito, sauti za mbali hazimfikii, hakusikia Chui wala msumeno. Lakini miaka yote Chui alirudisha bakuli lililorambwa mpaka linang'aa, hajawahi kuliosha hata siku moja, na ghafla bakuli likaanza kurudi limeoshwa. Alikaa na siri hiyo peke yake, akiendelea kuteka uji wa marehemu kila asubuhi ili watu wasishtuke. Alichokasirikia ni kingine.

“Umemnyima Chui matanga yake,” alimwambia Nguchiro. “Hilo nitakudai mpaka nife. Mzee huyu alikufa njaa akiwa amelala mlangoni pa chakula, halafu umzike kama anayefukia ganda la ndizi? Wewe ulidhani sisi tunaishi kwa kuogopa makucha yake. Mimi, mtoto wangu, nina gamba. Makucha ya chui yangenifanya nini?”

Hapo wengine nao wakaanza kusema. Huyu alijua tangu siku ya saba, kwa kimya cha alfajiri moja Nguchiro aliyopitiwa na usingizi. Yule alimwona tai akizunguka. Ikawa kana kwamba kila nyumba ya Mtamani ilijua, kila nyumba ilinyamaza, na kila nyumba ililiacha ghala bila kuligusa huku ikitetemeka kwa sababu ya jirani. Walitazamana. Baadhi walianza kucheka, kicheko dhaifu cha watu wenye njaa. Mama Swala alikuwa analia.

Fisi peke yake ndiye aliyebaki amesimama na kikapu. Alikuwa amewasikiliza akidhani wanatania. Alipoona hawatanii alikasirika. Aliwaita wajinga. Aliwaambia hakuna Chui, hakuna kucha, hakuna atakayemfanya lolote. Akampita Nguchiro, akasukuma komeo, na kweli mlango ukafunguka kwa bega tu. Akatoka na kibuyu.

Nyati alipiga hatua moja. Bibi Kobe akamzuia kwa kumkanyaga ukwato.

“Kibuyu hicho ni chako?” Kobe aliuliza.

Fisi alisema ni chake, alama yake ile pale, na kilicho chake hakiulizwi. Bibi Kobe akakubali kwamba ni chake. Akamkumbusha kwamba mguu ulioinuliwa mkutanoni nao ulikuwa wake.

Fisi alijaza mdomo konzi moja ya mtama, akatafuna. Krach, krach. Ndiyo sauti pekee iliyosikika uani. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemtukana. Walimtazama tu, watoto wa Swala pia, mate yakiwatoka, wameshikana mikono, bila kusogea. Fisi alitafuna polepole. Kisha polepole zaidi. Alitazama chini, akatazama lango, akaona njia i wazi na hakuna aliyekaa mbele yake.

Nguchiro, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, aliona mikono ya Fisi inatetemeka kama yake ilivyotetemeka siku ile ya bakuli. Akagundua kwamba Fisi hakuwa mwovu kuliko wao. Alikuwa na njaa kama wao, ila alidhani yuko peke yake.

“Kuna uji, kaka,” Nguchiro alimwambia kwa sauti ya chini. “Wa mlinzi. Bibi hajaugawa leo.”

Mama Swala alisita, kwa kuwa uji ule ulikuwa wa wanawe. Akatikisa kichwa kukubali.

Fisi alikitazama kibuyu. Kisha akageuka, akaingia ghalani, akakiweka kibuyu mahali pake, akatoka akafunga komeo. Zile alizozitafuna zilikuwa zimekwisha, hakuna aliyeziulizia. Alikaa chini ukutani, akaletewa bakuli, akanywa nusu ya uji, na nusu akaisukuma kwa watoto.

Siku hiyo wakatandika mikeka uani wakamlilia Chui kama inavyopasa. Hapakuwa na pilau wala kahawa, walikunywa maji. Nguchiro aliwekwa mahali pa wafiwa, na kila aliyeingia alimpa mkono wa pole. Alilala hapo hapo mkekani, mchana kweupe, usingizi mzito ambao hakuwa ameupata kwa siku kumi na tatu. Msumeno aliurudisha kesho yake kwa Nyati.

Mvua haikuja upesi. Walingoja siku kumi na tisa nyingine, na zilikuwa ngumu kuliko zile za kwanza. Walimzika mzee mmoja zaidi. Ghala halikuwekewa mlinzi mpya, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kulijadili. Nguchiro aliendelea kufukuza panya, maana panya hawakuwepo mkutanoni.

Siku ya ishirini, asubuhi, tone moja liliangukia pua yake. Halafu la pili. Alitoka mbio akipita nyumba kwa nyumba, na hakuwa na uongo wowote wa kusema. Watu walitoka na majembe. Komeo likafunguliwa, vibuyu vikatolewa kimoja kimoja, kila mtu na chake, vyote vimejaa ila kimoja kilichopungua konzi moja. Jioni Mtamani yote ilikuwa imepandwa, na wao wamesimama shambani wamelowa chapachapa, hawataki kuingia ndani.

Na mimi nawaambia, wanangu: sheria inayoogopwa tu huzikwa pamoja na mlinzi wake, bali iliyokubaliwa moyoni humzika mlinzi, ikamlilia, ikabaki.